Motokaa Itetemekayo Inapofungwa Breki: Sababu Zake na Dawa Yake

Katika nchi ya milima hapana sehemu ya motokaa itumainiwayo na watu kuliko breki. Injini ikikataa njiani, wasafiri watashuka, watasukuma au watalala hapo, na kesho watasimulia habari hiyo kwa kicheko. Lakini breki zikikataa katika mteremko wa Lushoto kwenda Mombo, au katika kona za Kitonga, huenda pasiwe na wa kusimulia. Kwa hiyo dereva akanyagapo breki na usukani ukamtetemekea mikononi, hofu humwingia, na hofu hiyo si ya bure.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee, machifu na walimu ambao mara nyingi huaminiwa motokaa ya shule, ya zahanati au ya chama, sababu za mtetemeko huo, namna ya kuutafuta, na namna ya kuuondoa. Hatutaki kila mtu awe fundi. Twataka kila mwenye motokaa aweze kumweleza fundi wake mambo aliyoyaona, na kumwuliza maswali ya haki, asije akalipa mara mbili kwa kazi moja.

HABARI YA MWALIMU MMOJA

Twamjua mwalimu mmoja wa nchi ya milimani, mwenye motokaa kuukuu ambayo kijiji kizima huitumia. Mchana hubeba walimu na vitabu. Usiku hubeba wagonjwa na akina mama wajawazito mpaka hospitali iliyo chini ya mlima. Siku moja ilianza kutetemeka kila alipokanyaga breki. Fundi wa kwanza alitazama kwa mbali akasema, "Diski zimepinda." Akaziondoa, akatia mpya. Motokaa ikatulia miezi mitatu. Mwezi wa nne mtetemeko ukarudi. Mwalimu akanunua diski nyingine, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya mwanawe. Baada ya miezi michache mambo yakawa yale yale. Watu wakaanza kuogopa kupanda, na usiku mmoja jamaa za mgonjwa wakaona heri wamteremshe mlima kwa machela.

Fundi wa tatu alikuwa mzee, naye hakutaka kuuza kitu. Aliifungua diski, akapitisha kidole juu ya kitovu cha gurudumu mahali diski inapokaa, akamwonyesha mwalimu magamba ya kutu. "Mwalimu," alisema, "umenunua sahani mpya mara mbili, lakini meza ni ile ile yenye changarawe." Akayakwangua magamba, akapeleka diski kukerezwa mjini, akazirudisha juu ya kitovu safi, na nati akazikaza kwa kipimo. Tangu hapo motokaa ile hushuka mlima kwa utulivu. Kwa nini? Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

BREKI HUFANYA KAZI GANI

Katika motokaa nyingi za siku hizi magurudumu ya mbele yana breki za diski. Diski ni sahani nzito ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Mwingereza Frederick Lanchester wa Birmingham aliandikisha haki ya breki ya namna hii mwaka 1902, ingawa ilipita miaka hamsini hivi kabla haijaanza kuenea katika motokaa za watu. Dereva akanyagapo breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo katika kifaa ambacho mafundi hukiita kalipa. Pistoni husukuma pedi mbili, moja kila upande wa diski, nazo huibana kama vidole viwili vibanavyo sahani. Mwendo hugeuka kuwa joto, na motokaa hupunguza mbio.

Magurudumu ya nyuma ya motokaa nyingi yana breki za ngoma. Humo ndani mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo hutanuka na kuisugua ngoma kwa ndani. Ngoma ikiacha kuwa duara kamili, nayo huleta mtetemeko kama diski.

KWA NINI HUTETEMEKA

Watu wengi husema, "Diski imepinda kwa moto." Mara nyingi neno hilo si kweli. Mara nyingi diski ilifungwa upande, na kwa sababu hiyo unene wake ukaacha kuwa sawa pande zote. Sikilizeni jinsi jambo hili litokeavyo.

Kutu au matope yakibaki baina ya kitovu na diski, hata kwa unene wa milimita 0.05 tu, diski haikai sawa. Ukingo wake huyumba zaidi ya hapo, kwa kuwa uko mbali na katikati. Ni kama mti mrefu, ukisogeza shina kidogo, ncha husogea sana. Diski iyumbayo hugusa pedi mara moja katika kila mzunguko, hata wakati dereva hakukanyaga breki. Mahali paguswapo hulika kidogo kidogo, au huachiwa utando wa pedi. Siku ya kwanza dereva haoni kitu. Baada ya kilometa elfu kadhaa, diski huwa nene hapa na nyembamba pale, na hapo mtetemeko huanza. Ndiyo maana diski mpya za yule mwalimu zilitulia miezi mitatu, kisha zikaharibika kama zile za kwanza.

Tofauti hiyo ya unene ni ndogo mno. Milimita 0.02 yatosha kuhisiwa na dereva. Karatasi moja ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi, basi tofauti tunayoitaja ni sehemu ya tano tu ya unene wa karatasi. Jicho haliwezi kuiona, na fundi asemaye kwamba ameiona kwa macho anakisia.

Sehemu nene ipitapo baina ya pedi, huisukuma pistoni nyuma, na mafuta ya breki hurudisha msukumo huo mpaka kwenye kanyagio. Sehemu nyembamba ipitapo, mshiko hupungua. Hivyo gurudumu hushikwa na kulegezwa, hushikwa na kulegezwa. Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Tairi yenye mzingo wa mita 2, motokaa ikienda kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, huzunguka mara 10 kwa sekunde moja. Mbio zikipungua mpaka kilometa 36, huzunguka mara 5. Hii ndiyo alama ya mtetemeko wa breki: mapigo yake hupungua pamoja na mbio za motokaa.

Kuna sababu nyingine pia. Dereva akishuka mlima huku amekanyaga breki muda wote, kisha akasimama na mguu umekaza, pedi za moto huweza kuacha alama yao juu ya diski, na alama hiyo huanzisha ubaya ule ule. Kadhalika nati za magurudumu zikikazwa bila usawa, hii kwa nguvu nyingi na hii kwa nguvu chache, diski huvutwa upande. Tena bushi, bolijointi au beringi ikilegea, haizai mtetemeko peke yake, bali huukuza. Kosa dogo la diski hufika katika usukani likiwa kubwa.

TAFUTENI KWANZA ULIKO

Mganga mwema huuliza kabla ya kutoa dawa. Kabla ya kununua kitu chochote, mwenye motokaa na ajiulize maswali haya.

La kwanza: Je, motokaa hutetemeka hata breki isipokanyagwa? Ikiwa hutetemeka kwa mwendo wa kasi barabarani, breki haijaguswa, tazameni tairi zilizovimba au zilizolika vibaya, rimu zilizopinda, au magurudumu yasiyo na mizani. Kosa hilo si la breki.

La pili: Mtetemeko husikika wapi? Ukisikika katika usukani, mara nyingi kosa liko katika magurudumu ya mbele. Ukisikika katika kiti na sakafu, huenda liko nyuma. Ukisikika katika kanyagio tu, laweza kuwa mbele au nyuma.

La tatu: Breki ya mkono yasemaje? Katika motokaa nyingi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma. Katika barabara iliyonyoka, isiyo na watu, kwa mwendo wa polepole, dereva aweza kuivuta kidogo kidogo huku kitufe chake kimebonyezwa ili aweze kuiachia mara moja. Mtetemeko ukija, tazameni nyuma. Lakini msijaribu hivi kwa Land Rover za zamani za namna ya Defender, kwa maana breki yake ya mkono hushika mhimili utokao katika giaboksi, wala si magurudumu, na kuivuta motokaa ikiwa katika mwendo kwaweza kuvunja vyombo. Wala msijaribu kwa motokaa ambayo breki yake ya mkono ni kitufe cha umeme.

La nne: Je, kanyagio hudunda pale tu unapokanyaga breki kwa nguvu juu ya changarawe au matope? Ikiwa motokaa ina chombo cha kuzuia magurudumu yasijifunge, ambacho mafundi hukiita ABS, kudunda huko ni kazi yake, wala si ugonjwa. Dereva na aendelee kukanyaga, asiachie.

La tano: Mtetemeko ulianza baada ya kazi gani? Ukianza mara baada ya kubadilisha tairi, shakeni nati. Ukianza miezi michache baada ya kutia diski mpya, shakeni kitovu. Ukianza baada ya kushuka mlima mrefu na mzigo mzito, shakeni joto. Andikeni tarehe na kazi katika daftari la motokaa, maana fundi ajapo kuuliza, akili ya mtu husahau.

KUIFUNGUA NA KUITAZAMA

Motokaa iwekwe mahali pa tambarare. Magurudumu yasiyoinuliwa yazuiwe kwa mawe au magogo mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo gurudumu lingali chini, kisha motokaa iinuliwe kwa jeki, na papo hapo iwekwe juu ya stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki hutoa msaada wa kuinua. Haitoi ahadi ya kushikilia.

Kabla ya kuliondoa gurudumu, lishikeni juu na chini mkalitikise, kisha kulia na kushoto. Likicheza, beringi au viungo vya usukani na vya miguu vina ulegevu, navyo vitengenezwe kwanza. Liondoeni gurudumu, mfungue kalipa, mkaining'inize kwa waya. Msiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwa kuwa mpira huo ukipasuka ndani hakuna ataejua mpaka siku ya hatari.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi na viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji.

Kisha fundi na apime unene wa diski kwa mikromita, mahali 8 kuizunguka, kwa umbali ule ule toka ukingoni. Tena aifunge diski kwa nati zake, aweke saa ya kupimia karibu na ukingo wake, aizungushe polepole kwa mkono aone inayumba kiasi gani. Watengenezaji wengi huruhusu milimita 0.05 mpaka 0.10 tu, kitabu cha motokaa ndicho chenye neno la mwisho. Mahali pasipo saa hiyo, fundi aweza kufunga waya mgumu uelekee diski bila kuigusa, akatazama nafasi yake huku diski ikizungushwa. Njia hii huonyesha kosa kubwa tu, wala haitoshi kusema kwamba diski ni nzima.

Mtazame pia misumari ambayo kalipa huteleza juu yake. Ikishikwa na kutu, pedi moja hulika kuliko mwenzake, diski hupata joto la kupita kiasi, na motokaa huvuta upande.

DAWA YAKE

Jambo la kwanza na la bei ndogo ni usafi. Uso wa kitovu na uso wa ndani wa diski vikwanguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hasa kandokando ya mashina ya nati, ambako kutu hujificha. Pasipakwe grisi nene wala rangi mahali hapo. Alama ya chaki ipigwe juu ya diski na juu ya kitovu. Kama diski bado huyumba, igeuzwe tundu moja na kupimwa tena, kwani mara nyingine kosa la diski na kosa la kitovu huondoana.

Jambo la pili: diski yenye unene usio sawa ikerezwe, ikiwa itabaki na unene wa kutosha. Kipimo cha mwisho huandikwa juu ya diski yenyewe, mara nyingi kwa herufi MIN TH na tarakimu za milimita. Diski itakayokuwa nyembamba kuliko hapo itupwe. Kwa ngoma kipimo ni kinyume: huandikwa upana mkubwa wa mwisho. Diski au ngoma za mhimili mmoja zitengenezwe zote mbili, kulia na kushoto, na pedi zibadilishwe pande zote mbili. Diski mpya isafishwe mafuta yake ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa.

Jambo la tatu: misumari ya kalipa isafishwe na kupakwa grisi ya breki, si grisi ya kawaida, kwa kuwa grisi ya kawaida huharibu mipira. Kadhalika mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika chupa ya mafuta ya breki. Mipira itavimba, na breki zote zitakufa.

Jambo la nne: nati zikazwe kwa njia ya nyota, yaani moja kisha ile iliyoielekea, kwa awamu mbili au tatu, na mwisho kwa spana ya kipimo. Kwa motokaa nyingi ndogo kipimo ni baina ya Nm 90 na 120. Someni kitabu chenu. Kijana asimame juu ya spana, au atie bomba refu ili aongeze nguvu, ndiye mwanzo wa ugonjwa tunaousema. Baada ya kwenda kilometa 50 mpaka 100, nati zipimwe tena.

Jambo la tano: pedi mpya zizoeshwe. Katika barabara tupu punguzeni mbio toka kilometa 60 hadi 20 kwa upole, mara 10 hivi, mkiziacha breki zipoe kidogo baina ya mara na mara, bila kusimama kabisa na mguu juu ya kanyagio. Mtengenezaji akiwa na agizo lake, lifuateni hilo.

KATIKA MTEREMKO

Fundi hutengeneza, lakini dereva ndiye atunzaye. Kabla ya kuanza kushuka, ingizeni gia ndogo, ili injini izuie motokaa. Kanyageni breki kwa nguvu ya kadiri, mpunguze mbio, kisha mwachie zipate hewa. Msiziburute kutoka juu mpaka chini. Mfikapo chini, endeleeni polepole kwa muda kabla ya kusimama. Msimwagie maji diski au ngoma ya moto, wala msiharakie kivukoni zikingali zinawaka, maana chuma cha moto kikutanapo na maji baridi huweza kupasuka au kuharibika umbo. Na breki ya mkono isikazwe sana wakati ngoma zina moto. Heri gia, na jiwe chini ya gurudumu.

Mtetemeko mdogo hutoa muda wa kufika kwa fundi kwa mwendo wa polepole. Lakini kanyagio likizama mpaka chini, au likiwa laini kama sifongo. Moshi ukitoka gurudumuni. Chuma kikisaga chuma. Mafuta ya breki yakipungua. Au motokaa ikivuta upande kwa nguvu, hapo hapana shauri. Simamisheni, mteremshe watu, wala msiende mbele hata hatua moja, ajapokuwa ndani mna mgonjwa. Mtafutieni mgonjwa chombo kingine. Mgonjwa mmoja asubiriye saa moja ni heri kuliko watu kumi walio bondeni.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mwalimu aliujenga ukuta mara mbili, na ufa wenyewe ulikuwa magamba ya kutu yasiyozidi unene wa karatasi. Basi fundi ajapo na neno lake la haraka, "Diski zimepinda," mwambieni kwa adabu: "Fundi, tafadhali tupimie kwanza, kisha utuonyeshe kitovu." Fundi mwema hatachukizwa na ombi hilo.